Mpini Mpya wa Wembe wa Babu

Nyuma ya Kinyozi, Chumba cha Kwanza,
S.L.P. 118.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka Mrefu,

Hujambo huko? Wifi hajambo? Na huyo mtoto mwenye mashavu ya kupuliza tarumbeta, ameshaota jino la pili? Picha yake tumeibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo, na kila anayefungua kuchukua kikombe anamsalimia kwanza. Natumaini kile kikohozi ulichoniandikia kimekwisha, na kwamba barakoa ya vumbi mnayopewa kazini unaivaa puani, si kuitia mfukoni kama nilivyokuona kwenye picha.

Sisi huku wazima. Magoti ya Mama bado yanalalamika akipanda ngazi, ila mdomo wake hauna shida yoyote. Anakusalimu na anasema unaandika barua fupi mno, kama mtu aliyesimama mlangoni.

Haya, salamu nimezitimiza. Sasa tafuta mahali ukae. Kama uko kwenye foleni ya chakula, toka kwenye foleni. Umekaa?

Baba yako na baba yangu wameongea.

Wameongea, Kaka! Si kwa kupitia kwa Mama, si kwa kutikisiana vichwa kwa mbali msibani. Wameongea kwa midomo yao, wakabishana, wakala meza moja. Jana! Kwa haraka ya kukuandikia nimeshaharibu karatasi mbili. Mama Mkubwa alitaka kukupigia simu hapo hapo, nikamwomba sana aniachie, maana mimi ndiye niliyehangaika, utamu wa kulisema niupate mimi. Ameapa kunyamaza mpaka barua ikufikie. Kwa hiyo kama siku hizi umempigia ukamsikia anacheka peke yake bila sababu, sababu ndiyo hii.

Acha nianze mwanzo.

Wembe wa Babu unaukumbuka, ule wa kukunja ambao Baba alirithi pamoja na duka. Mpini wake ulikuwa vibao viwili vyembamba vya pembe, rangi ya asali, vimeshikwa na pini mbili. Bapa lenye makali linazunguka kwenye pini moja, na ukiufunga linalala katikati ya vile vibao bila kugusa upande wowote. Mwezi wa tano Baba aliona kitu chembamba pale penye pini, akadhani ni unywele, akaupuliza. Hautoki. Akaupuliza tena. Ulikuwa ufa.

Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza miwani, nikajiona bingwa. Nikamwambia, "Lete, hii kazi ya dakika kumi." Nikatia gundi tunayotia kwenye fremu zilizovunjika, nikabana vizuri, nikasugua, nikamrudishia. Ulikaa siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili yule mwalimu mstaafu alikuwa kwenye kiti, povu mpaka masikioni. Tukasikia "tak!" Kibao kimoja kikaachia, bapa likayumba na kumchana Baba kidole gumba. Mwalimu hakuguswa hata kidogo, lakini alipoona tone la damu juu ya povu alidhani ni yake, akafumba macho na kuanza kutoa wosia. Alishafika kwenye baiskeli yake, anaeleza nani apewe, ndipo tukamwonyesha kioo.

Tulicheka, ila Baba hakucheka. Aliosha kidole, akammalizia mwalimu kwa kiwembe cha kutupa, akauweka wembe wa Babu kwenye droo na kusema, "Basi. Ndevu nimeacha."

Unamjua anavyosema "basi". Wiki mbili nzima alinyoa vichwa kwa mashine kama mtu anayefuta meza. Mteja wa ndevu akija, anamwelekeza kwa vijana wa mtaa wa pili. Halafu nikaona mtu mmoja anayeuza makava ya simu amekuja na futi kupima ukuta. Akaja tena mara ya pili, na safari hiyo Baba alimshikia ncha ya futi. Jioni akatuambia mimi na Mama kwamba mwisho wa mwezi anamkabidhi mtu huyo duka. Mama alisimama na mwiko mkononi mpaka chakula kikaungua, na wewe unajua hilo linavyotisha.

Nikaanza kuhangaika. Bosi wangu akasema plastiki za fremu ni laini mno, mpini utapinda. Muuza visu sokoni akanipimia mpini wa kisu cha jikoni, nikamshukuru nikatoka. Kilichotakiwa ni mbao ngumu, iliyokauka miaka, ichongwe iwe nyembamba kama shilingi na bado inyooke. Mtu wa kuweza kazi hiyo nilimjua mmoja tu. Na wewe unamjua, ndiye aliyekuzaa.

Hapo ndipo nilipokosa usingizi, Kaka. Kwa sababu ugomvi wao wenyewe ulikuwa juu ya wembe huo huo. Sisi wawili tulikuwepo kwenye ile korido ya hospitali, tumekaa kwenye benchi na viatu vyetu vya shule. Baba Mkubwa alituma neno kwamba yuko njiani, wamsubiri, anataka kuwepo Babu akinyolewa. Alipofika saa tisa alasiri akamkuta Babu ameshanyolewa, uso safi, na ameshafariki. Akampigia Baba kelele mbele ya wauguzi: "Hukunisubiri! Ulimtaka peke yako!" Baba akageuka akaondoka na wembe mfukoni. Miaka tisa.

Basi, Alhamisi ya wiki iliyopita, saa ya chakula, nilifungua ile droo, nikautia wembe kwenye kasha la miwani, nikaenda karakana. Baba Mkubwa alikuwa anapiga randa mlango.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Miwani siitaki," akasema bila kuinua kichwa, maana kila nikienda namwambia macho yake yamechoka.

"Sikuleta miwani."

"Na kasha hilo?"

Nikafungua. Randa ikasimama. Alijifuta mikono kwenye aproni, akajifuta tena, na bado hakuugusa.

"Nani kakutuma?"

"Nimejituma."

"Anajua?"

"Hajui. Anadhani uko kwenye droo."

Kaka, nilihesabu kucha zangu zote kumi kabla hajanyoosha mkono. Aliupeleka dirishani, akaugeuza, akaunusa. Nikajua sasa ama ananifukuza ama analia.

"Nani kapaka huu uchafu?"

"Ile gundi?"

"Mimi naiita uchafu. Nani?"

"Mimi."

"Na unajiita fundi," akasema. "Lete ile jiliwa ndogo."

Nilitaka kumrukia shingoni! Nikaleta jiliwa, akaubana wembe.

Alisaga kichwa cha kila pini kwa tupa, akazisukuma nje kwa sindano, vile vibao vya pembe vikaanguka mezani, kimoja kikiwa vipande vitatu. Akaviunga kama mtoto anayeunga picha, akavichora kwa penseli. Kisha akapanda stuli na kutoa juu ya kabati kipande cha mbao nyekundu iliyoiva, akasema ni masalio ya kabati la kwanza alilowahi kuuza. Akakipasua, vibao viwili akavigandisha pamoja kwa karatasi katikati ili vikatwe kama pacha na matundu yake yalingane. Siku ya Ijumaa tukatoboa. Drili ilipogusa tu, ufa ukatembea mpaka mwisho.

Aliiweka drili chini. Alitoka nje, akasimama kwenye maranda, akarudi. Mimi nilishaona tatizo: alikuwa anatoboa pembeni ya alama kwa unene wa unywele, kwa sababu alama haioni.

Jumatatu nikaenda na miwani. Nikamwambia, "Hii si yako, ni ya wembe. Ukimaliza naondoka nayo." Akaivaa kwa hasira. Akaangalia mbao, akaangalia drili, halafu akaangalia mikono yake mwenyewe kwa muda mrefu.

"Kumbe nina kovu hapa," akasema.

Alikata vibao pacha vingine, navyo vikatoboka bila kosa. Tukavisugua kwa msasa mpaka vikawa laini kama kokwa ya embe iliyonyonywa, tukavipaka mafuta, tukaviacha vikauke. Siku zote hizo Baba yangu hakufungua droo hata mara moja, nami nilikuwa nakula ubao wangu wa mchana (yaani nashinda na njaa!) karakana, nikirudi kazini na maranda kwenye nywele. Bosi alidhani nimepata mchumba seremala.

Kazi ya pini ilikuwa yangu. Nilikata waya wa shaba nyeupe ya fremu, nikauvalisha washa, kile kiduara cha chuma, kidogo kuliko punje ya mtama, kisha nikagonga kichwa cha pini kwa nyundo yangu ya miwani, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa, mpaka kikatanuka na kushika. Ukigonga kwa nguvu unapasua kazi yote. Baba Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu, hapumui. Nilipomaliza akaufunga wembe.

Kssss.

Bapa lilikuwa linasugua upande mmoja. Tukaangaliana.

"Hapa ndipo ninapoishia," akasema. "Mimi sijui unavyotakiwa kukaa mkononi. Anayejua ni mwenye kazi yake."

"Basi twende kwake."

"Siendi."

"Sawa. Nitampelekea mtu wa makava ya simu, autundike ukutani."

"Mtu gani?"

Kumbe alikuwa hajui! Nikamweleza yote: kidole, droo, futi, mwisho wa mwezi. Alirudi kwenye ule mlango wake na kuupiga randa mara tatu, na ulikuwa umeshanyooka tangu wiki iliyopita.

"Kesho anafungua saa ngapi?"

"Saa moja."

Jana asubuhi, Kaka, saa moja kasoro robo nilikuwa nafagia duka lililokwisha fagiliwa. Baba alikuwa anapasha maji. Mlango ukafunguliwa, na Baba Mkubwa akaingia na shati lake la kutokea, limepigwa pasi mpaka mikononi, na miwani usoni. Baba aliinua macho. Niliukamata ufagio wima kama mlingoti.

"Umevaa miwani," Baba akasema.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza baada ya miaka tisa. Yaandike mahali.

"Nimevaa."

"Imekukaa."

"Ni ya huyu," akaninyooshea kidevu, kisha akaweka kasha mezani na kulifungua.

Nilisubiri nigombezwe kwa kuiba. Baba aliniangalia mara moja tu, jicho lile lile la nilipovunja redio, kisha akauchukua wembe. Akapitisha kidole kwenye mbao. Akaulaza juu ya kidole kimoja kupima uzito. Akaupeleka sikioni, akaufunga polepole.

"Unasugua."

"Kushoto," Baba Mkubwa akasema. "Kidogo."

"Kidogo gani? Wiki moja makali yamekwisha."

"Ndiyo maana nimeuleta, ningekuwa najua ningeuleta?"

"Kibao hiki kinene ndani, hapa, ona."

"Si kinene. Pini ndiyo imelala."

Kaka, walibishana nusu saa! Vichwa vimegusana juu ya meza, mmoja anasema msasa, mwingine anasema nyundo, na mimi katikati naagizwa na wote wawili. Mwalimu mstaafu aliingia, akawaona, akakaa kwenye benchi bila kutoa sauti, mtu ambaye hanyamazi hata akiwa na sabuni mdomoni. Mwishowe ikawa wote wana haki: nikasugua ndani kwa msasa, nikaigonga pini upande mmoja mara mbili. Baba akaufunga sikioni. Kimya. Akampelekea Baba Mkubwa sikioni. Kimya.

Baba akaunoa kwenye mkanda wa ngozi, akaujaribu kwenye nywele za mkono wake. Akakung'uta taulo.

"Kaa," akasema.

Mwalimu akainuka.

"Si wewe, Mwalimu."

Baba Mkubwa alikaa. Baba akampaka povu, akamwinua kidevu, akaanza shavu la kulia. Ikasikika ile sauti tu ya wembe kwenye ndevu ngumu. Alipofika shingoni, mahali ambapo mtu hawezi kujibu hata akitaka, Baba akasema, bila kusimamisha mkono:

"Mzee aliomba mwenyewe. Nilimwambia tukusubiri. Akasema, 'Kaka yako anakuja, asinikute hivi.' Alitaka umkute yuko safi."

Akafuta wembe kwenye kitambaa. Akaendelea.

"Aliniuliza mara tatu kama umefika."

Niliziangalia taulo. Nilizikunja, nikazikunjua, nikazikunja. Baba Mkubwa alikuwa anatazama dari, na maji yalikuwa yanatoka chini ya miwani na kuchora njia kwenye povu. Alisubiri mpaka wembe ukaondoka shingoni.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza."

"Nilikupigia kelele."

"Ulipiga kelele. Hukuuliza." Halafu Baba akashusha pumzi. "Na mimi ningesema. Siku ya pili, ya tatu. Kila siku nilisema kesho."

"Miaka tisa," Baba Mkubwa akasema.

"Usitikise kidevu," Baba akasema, "nitakukata." Lakini mkono wake mwingine ulikuwa begani kwa kaka yake, na haukutoka pale mpaka alipomaliza.

Mwalimu alipenga kamasi kama honi ya lori.

Baadaye Baba alitaka kumpa wembe, akasema yeye ndiye mkubwa. Baba Mkubwa akakataa. "Bapa ni lako. Mpini ni wangu. Ukipasuka unajua karakana ilipo." Na mtu wa makava ya simu? Alikuja saa kumi na futi lake, akakuta benchi limejaa wazee, maana mwalimu alikuwa amezunguka mtaa mzima kutangaza. Baba akamwambia duka halitoki, lakini kwa kuwa ameshakuja akae, ndevu zake zimekaa vibaya. Aliondoka amenyolewa, anajishika mashavu, futi kalisahau. Nimelitundika mlangoni alifuate.

Jioni, kabla jua halijazama, waliondoka pamoja kwenda kwenu, mimi nyuma yao kama askari. Mama Mkubwa alifungua mlango. Akamwona mumewe hana hata unywele mmoja usoni. Akamwona aliyesimama nyuma yake. Nilidhani atapiga ukelele. Akasema kwa sauti ile ile ya siku zote, "Shemeji, chumvi imekwisha. Kimbia dukani kabla hawajafunga."

Na Baba alikimbia, Kaka! Umri ule, na suruali ya kazi! Mama Mkubwa akaingia jikoni, tukasikia mfuniko umeanguka, kisha akilia na kucheka kwa wakati mmoja. Nilipomfuata nikaliona kopo la chumvi juu ya rafu, limejaa. Alitaka tu shemeji yake arudi akiwa na kitu mkononi, aingie bila hodi kama mtu wa nyumbani. Ndivyo alivyoingia.

Mezani Baba alikuulizia wewe mpaka tukachoka. Halafu akasema jambo ambalo hata Mama hakulijua. Siku unaondoka, ulipodhani baba yako mdogo hakuja kukuaga, alikuja. Alisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya gari la magodoro, akakuona ukipanda na begi la bluu, ukirudi kuchukua kofia, ukipanda tena. Hakuvuka kwa sababu baba yako alikuwa upande ule. Nakwambia kwa sababu yeye hatakwambia, ataona haya. Mwandikie. Mwandikie hata mistari mitano, ila iwe ya kwake, jina lake juu ya bahasha.

Msalimie sana wifi, mbusu mwenye mashavu. Mama, Baba, Mama Mkubwa na Baba Mkubwa wanakusalimu, na safari hii nimekusanya salamu zao zote kwenye chumba kimoja. Mwalimu naye anakusalimu, anasema baiskeli bado ni yake.

Mungu akulinde kwenye kazi yako na akurudishe kwetu salama, mkiwa wote watatu, siku si nyingi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Kidole wako.